Diima na Kamba za Ngozi

Kabale Hirbo akishaamua, ameamua. Wewe bishana na ukuta. Ndiyo maana mwaka ule wa sabini na sita, majirani wa Kambi Garba, pembeni mwa mji wa Isiolo, walipomwona analeta mtoto wa mbwa kwake, walicheka tu wakamwacha. Mjane, Mwislamu wa swala tano, na mbwa! Lakini fisi walishaingia bomani mwake, na maziwa ya mbuzi wake ndiyo yaliyowalisha yeye na bintiye Tiya. Bila mbuzi, Kabale hana mbele wala nyuma.

Mbwa alipewa na jirani yake Kinanu, Mmeru, mke wa karani. Alikuwa jike mwekundu, naye Kabale akamwita Diima, yaani mwekundu kwa Kiborana. Loo, balaa gani lile! Alikuwa anaota meno. Aling'ata visigino, akatafuna ufagio, na siku moja akamtoa damu sikioni mtoto wa mbuzi. Bahati mbaya, siku hiyo alikuwepo Gollo, kaka wa marehemu mumewe, na kwa desturi neno lake juu ya mifugo ile lilikuwa zito.

"Akishaonja damu ya mbuzi, huyo ndiye fisi mwenyewe," Gollo alisema. "Naenda Sericho kutafuta ngamia. Nikirudi nikute bado anang'ata, rungu langu litammaliza."

"Ni meno tu, shemeji. Tiya alipoota meno aliniuma titi mpaka nikalia. Mbona hukusema tumuue?"

Gollo akaangalia chini, akaondoka.

Kabale akaanza kazi. Diima aking'ata, alimwambia "Acha!" mara moja, akampa mgongo na kwenda zake. Mbwa hapendi kuachwa peke yake. Na kwa kuwa fizi zilimwasha, alimkatia vipande vya ngozi ya mbuzi, akavilowesha kwenye maji baridi ya mtungi, akampa atafune. Diima akatulia, na Kabale akatembea kichwa juu sokoni.

Lakini kichwa hicho hakikudumu juu. Wafugaji hufunga watoto wa mbuzi mbali na mama zao, wasimalize maziwa kabla ya kukamuliwa. Asubuhi moja Kabale alikuta kamba zote zimekatika, watoto wameshiba mpaka matumbo yamevimba, na viwele vimebaki vitupu. Sokoni angeenda kuuza nini? Alishika fimbo, hasira zimempanda kichwani. Halafu akatazama kipande cha kamba mkononi mwake. Ngozi, imelowa, ina alama za meno.

"Haki ya Mungu, Kabale wewe!" akajiambia.

Maana katika nyumba ile ni kitu gani kisichokuwa ngozi? Kitanda ngozi, ndoo ngozi, viatu ngozi. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha mbwa kwamba ngozi ni chakula. Ilimuuma, lakini alicheka mpaka Tiya akatoka kutazama.

Fimbo akaitupa. Akakusanya vipande vyote vya ngozi, akaenda kuokota makoma, yale matunda magumu ambayo watoto hutafuna wakichunga. Kila Diima alipoifuata kamba, Kabale aliichukua kamba na kumwekea koma lililoloweshwa.

"Mama Tiya, mbwa wako anakula makoma?" Kinanu alimcheka.

"Bora makoma kuliko kamba zangu, Mama Mbaabu."

Meno ya utoto yakaanguka mchangani moja moja. Gollo akarudi, rungu mkononi.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam. Karibu, shemeji."

Hakukaribia. Alikwenda moja kwa moja akamshika mtoto mchanga wa mbuzi, akamweka mbele ya pua ya Diima. Diima alinusa, akamlamba sikio, akalala chini. Gollo bado alikuwa amekunja uso. Basi Kabale akaingiza vidole vyake kinywani mwa mbwa mbele yake. Diima akavishika kidogo, akaviachilia. Kabale alienda kando, akausugua mkono kwa udongo na kuuosha kama dini inavyotaka, bila haraka yoyote.

"Ingia unywe chai," akasema.

Gollo akavua viatu vyake mlangoni, ngozi mpya ya ngamia kutoka Sericho. Kabale aliviona akiwa ameshamimina chai. Hilo hakuwa amelipanga.

Walipotoka, Diima alikuwa amelala ubavuni mwa viatu, anatafuna koma lake. Gollo alikiinua kimoja, akakigeuza, akakipapasa. Kikavu. Akavivaa polepole.

"Shemeji, huyu akizaa, nitengee mmoja."

"Nitakutengea," Kabale akajibu. "Lakini ukija kumchukua, usije mikono mitupu. Beba makoma."