Aliitwa Bila Vitu

Kengele ya kambi ya Friedland, Ujerumani, ikilia, Bi Ottilie Rademacher huacha pasi palepale jikoni, akatwaa kibao chake na kutoka. Shati la mtu likiungua na liungue. Mwenyewe atapata jingine. Lakini basi linaloleta mateka kutoka Urusi likishapita, limepita na habari zake.

Kibao chenyewe kilikuwa kifuniko cha sanduku la sabuni, amekigongomea mti wa ufagio. Hapo alibandika picha ya mwanawe Winfried, amevaa tai, kalamu mkononi, na chini yake kasisi alimwandikia: NANI AMEMWONA? KATIBU WA UBALOZI, BUKAREST. Bi Ottilie na herufi hawakuwahi kuelewana, ila maneno hayo aliyajua kwa sura, kama mtu anavyozijua nyuso za majirani.

Mtoto wa dobi kuwa mwanadiplomasia! Kijiji kizima kilisema, wengine kwa fahari, wengine kwa kijicho. Kisha vita vikageuka, Warusi wakaingia Bukarest, wakamtoa ofisini mwake na kofia yake kichwani. Tangu hapo wakubwa wa Urusi wakiulizwa hujibu kwamba hawamjui mtu huyo. Kilichobaki kwa mama ni vinywa vya waliorudi.

Na vinywa havikukosekana. Mmoja alimwona akichimba makaa huko Vorkuta. Mwingine alimwona gerezani Moscow, tena amenenepa. Wa tatu alikata naye magogo Siberia. Kila mmoja Bi Ottilie alimuuliza swali moja tu: "Mkate alikuwa anaukata kwa mkono gani?"

Mtu huyo hutupia jicho picha, akaiona ile kalamu. "Wa kulia, mama."

Winfried aliandika kwa kulia kwa sababu ya fimbo ya mwalimu. Lakini kisu, nyundo na mwiko, vyote alivishika kwa kushoto tangu utotoni. Bi Ottilie alijua amedanganywa, akashukuru, akarudi nyumbani kichwa juu na kumwambia mkwewe, "Ameonekana. Mzima kabisa."

Mkwewe, Irmtraud, mke wa Winfried, alikuwa amechoka kusikia. Alwin, seremala wa mtaa wa pili, alitaka kumwoa, na hakimu alikuwa tayari kutangaza kwamba Winfried ni marehemu. Kizuizi kilikuwa mama. Maadamu mama anasimama mbele ya hakimu na kusema ana mashahidi, hakimu hafungi jambo.

"Mama, Alwin hataningoja mpaka niote mvi," alimwambia asubuhi ile, wakikunja mashuka.

"Basi mwambie akaoe mvi za mwingine."

"Mimi ni mjane au ni mke? Niambie basi, nijue."

"Wewe ni mke wa mwanangu. Vuta shuka, linaburuta."

Hapo ndipo kengele ilipolia.

Watu walijaa barabarani, wanawake na vibao vyao wamesimama kama wachuuzi ambao bidhaa yao haina mnunuzi. Mateka walishuka wakiwa na makoti yao ya pamba, wengine wakiimba, wengine wakilia. Mwanamume mmoja asiye na meno ya mbele alimpita Bi Ottilie, akasimama, akarudi.

"Picha hii si yake," alisema.

"Si ya nani? Nimemzaa mimi!"

"Sura ni yake. Mkono sio. Winfried wa kwetu hakuna alichokishika kwa kulia. Kule visu haturuhusiwi, mama, mkate unakatwa kwa uzi. Yeye aling'ata ncha moja kwa meno, nyingine akaivuta kwa kushoto. Tulimcheka sana. Tulimwita cherehani."

Bi Ottilie hakuwa ameuliza. Swali lake la miaka yote lilikuwa bado mdomoni.

"Wewe nani?"

"Egon Pawlik. Tulifungwa chumba kimoja, Moscow."

"Yuko wapi?"

Pawlik alivua kofia. "Kule mlinzi akifungua mlango, anakuita kwa namna mbili. Akisema 'na vitu', unafunga mzigo wako, unahamishwa, au ukiwa na bahati unarudi kwenu. Akisema 'bila vitu', unakwenda kuhojiwa, utarudi. Winfried aliitwa bila vitu."

"Akarudi."

"Hakurudi, mama."

"Basi walimhamisha. Walikuja kuvichukua vitu vyake."

"Ndivyo inavyokuwa. Mtu akihamishwa ghafla, mlinzi huja kuvifuata. Tulingoja. Hakuna aliyegusa kitanda chake, hakuna aliyegusa bakuli lake. Hakuja mtu." Akaingiza mkono kifuani, akatoa kijiko cha mti. "Mwishowe tukagawana. Hiki kiliniangukia mimi. Nisamehe, nimekula nacho."

Bi Ottilie akakipokea. Ukingo wa kulia ulikuwa umelika, kama ilivyolika miiko yote aliyoiacha Winfried jikoni, kwa kukoroga kwa kushoto.

"Kwa hiyo amekufa?"

"Sijui. Sikuona maiti."

"Wenzako wote walijua! Walimwona anachimba, anakata magogo, ananenepa!"

"Mama, kwenye treni tunaapishana: mwanamke mwenye picha asiondoke mikono mitupu."

"Na wewe mbona huna huruma hiyo?"

"Mimi nina kijiko," Pawlik alisema. Machozi yakamtoka, hakuyafuta.

Bi Ottilie aliporudi nyumbani, Irmtraud alikuwa akilinyoosha shati lililobabuka kola. Hakuinua macho. "Haya, leo ameonekana wapi?"

Bi Ottilie aliweka kibao nyuma ya mlango. Akakaa. Mkwewe akageuka, kwa kuwa mama yule hakuwa mtu wa kukaa na kazi ipo mezani. Akakiona kijiko, akaona upande uliolika, akafunika mdomo kwa mkono.

"Nenda kwa hakimu," Bi Ottilie alisema. "Sitapinga. Lakini lile neno nisilitamke mimi. Walitamke wao, wanaolipwa."

"Mama..."

"Nenda, kabla sijabadilika."

Irmtraud akambusu kichwani, jambo ambalo hawakulizoea, akachukua mtandio na kutoka.

Bi Ottilie akamimina maji ya moto kwenye beseni, akatia sabuni. Alikichovya kijiko, akakitoa upesi, akakipangusa kwa aproni. Mdomo wa mwanawe ulikuwa pale, na wa Pawlik juu yake, na maji hayachagui. Alisimama na kijiko mkononi mpaka povu likafa. Nguo za kijiji kizima alikuwa akizifua, kijiko kimoja kikamshinda.