Nilivyovuka Ruvuma Kuudai Mguu wa Hassani

Kilichonitoa Mikindani hayakuwa matembezi. Mdogo wangu Hassani alikuwa amevuka ng'ambo ya Ruvuma, kama walivyovuka vijana wetu wengi gesi ilipogunduliwa kule Palma, akawa anabeba abiria kwa pikipiki. Siku moja gari la kampuni ya ujenzi likamgonga njiani Olumbi, mguu ukavunjika vibaya. Habari zikatufikia nyumbani: daktari anataka apelekwe Pemba, ile ya ng'ambo si ya kisiwani, akawekwe chuma, na bila chuma hicho atachechemea mpaka kaburini. Gari lina bima, lakini bima imekataa kulipa. Mama yetu akalia. Mimi nikafunga kitenge. Wanaonijua wanajua kwamba Somoe akikaza kitenge namna ile, kuna mtu atakiona cha moto.

Kilambo nilifika jua halijawa kali. Kivuko kikatuvusha bila taabu. Taabu ilikuwa upande wa pili, kwenye mchanga. Pikapu tuliyopanda ilikuwa ikikwama, na kila ikikwama tunashuka kusukuma, wanawake kwa wanaume. Mzee mmoja mwenye magunia ya chumvi akaniuliza kama naenda Palma kutafuta kazi ya gesi. Nikamwambia naenda kutafuta mguu. Akacheka, kisha akaona mimi sicheki.

Palma nilimkuta Hassani kwa fundi cherehani wa kwetu aliyempa chumba. Amekonda, mguu umefungwa mbao.

"Dada! Umekuja kweli?"

"Nimekuja. Bima wanasemaje?"

Akainamisha macho. "Wanasema nimeshasamehe."

Lo! Kumbe siku ile ya ajali, Bi Fatuma, mama wa yule dereva, alikwenda hospitali na sinia la wali na kuku, pamoja na wazee wa kwao. Akampigia magoti mdogo wangu. Hassani naye akasema yamekwisha, ajali ni kazi ya Mungu, wakala pamoja. Nyie wenzangu wa pwani hamna haja ya kuelezwa: ukishakula sinia lile, neno halirudi tena mdomoni. Ukilirudisha, hata mazishini kwenu watu watakuja kwa kujivuta. Basi askari aliyekuwapo akapeleka habari kwa bima kwamba pande zote zimepatana na madai hakuna tena. Mdomo huponza kichwa, walisema wahenga. Wa mdogo wangu ulimponza mguu.

Nikaanza kumgombeza. Akanikatiza, "Ulitaka nimfukuze mama wa watu na chakula chake?"

Hata mimi ningekula.

Asubuhi yake nikaenda seguro, ndivyo wanavyoiita bima kule. Mwenye ofisi alikuwa Anselmo, Mmakonde wa Mueda, Kiswahili chake kimechanganyika na Kireno. Alinipa kiti, akanisikiliza.

"Mana," akasema, maana kule dada ni mana, "ndugu yako kasamehe mbele ya polisi. Mimi nilipe nini tena? Acabou, imekwisha."

Moto ukanipanda. Nilisema mpaka mlinzi akachungulia mlangoni. Anselmo akanyoosha mkono taratibu.

"Sikufukuzi. Lakini kinywa chako peke yake hakitoshi. Waliosamehewa ndio waje waniambie walisamehewa nini."

Olumbi, kwa kina Bi Fatuma, nilikwenda kwa pikipiki, hakukuwa na njia nyingine, nikisoma kila dua ninayoijua. Bi Fatuma alikuwa uani anapepeta mpunga. Alipojua mimi ni nani, ungo ukamtoka mikononi.

"Mmeurudisha msamaha?"

"Hasha, mama. Msamaha uko palepale. Mimi nataka mguu wa mdogo wangu tu." Nikamweleza yote.

Mwanawe Saide, yule dereva, alikuwa amesimama mlangoni. Uso umemshuka. "Nikienda kusema kosa ni langu, kazi sina, mama. Watu wangapi wanaitaka kazi ile?"

Nilimwonea huruma, nisidanganye. Lakini mama yake alikuwa ameshainuka, anajikung'uta makapi.

"Kazi ya gesi imekuja juzi, Saide. Yule mtoto amekula sinia langu, naye ni mwanangu. Vaa shati."

Ofisini siku hiyo, laiti mngekuwapo! Saide alisema kwa sauti ndogo lakini hakumung'unya: alilipita lori, akaingia upande wa Hassani, kosa ni lake. Kisha Bi Fatuma akasogea mezani.

"Mimi nilimwombea mwanangu. Wali wangu, kuku wangu, magoti yangu. Gari sikuliombea. Hiyo seguro yenu ilikuja na sinia gani? Ilikula na nani?"

Anselmo alijikaza, akashindwa, akacheka mpaka akavua miwani. "Hata kwetu Mueda," akasema, "asiyekuja na kuku hajasamehewa." Akapiga simu kwa wakubwa wake Maputo. Kireno kikaenda, kikarudi, kikapanda. Nilimshika Bi Fatuma mkono. Simu ikawekwa.

"Anakwenda Pemba. Na siku zote alizokosa kazi atalipwa."

Nikapiga kigelegele mle mle ofisini, Bi Fatuma akakipokea. Mlinzi akachungulia tena. Wakati wa kutoka nikamgeukia Anselmo. "Na wewe, ukimaliza kulipa, kuku tunamngoja!"

Pemba chuma kikawekwa, na mdogo wangu akajifunza kutembea upya huku akinilalamikia mimi na ukali wangu. Saide hakufukuzwa. Alinyang'anywa usukani tu, akapelekwa stoo, na mama yake akasema afadhali, sasa atapata usingizi.

Siku ya kurudi tulikuwa tumeshapanda pikapu pale Palma. Mara Anselmo huyo, anakuja mbio, jasho linamtiririka, jogoo mkubwa kwapani. Mji mzima unamtazama.

"Seguro imekuja kuomba radhi," akasema.

Hassani alimpokea, hakutaka mtu mwingine amshike. Kilambo alishuka kivukoni polepole, fimbo ameniachia mimi, jogoo anampigia makelele.

Enyi mtakaovuka, kwa Mungu sameheni, ndiyo mila yetu. Ila semeni wazi mnamsamehe nani. Dereva ni mwana wa mtu. Gari lina wa kulilipia.

Mikindani mama alikuwa mlangoni. Akamngoja Hassani mpaka alipomfikia.

"Kuku wa nani huyo?"

"Wa seguro, mama. Ndiyo kwanza imekuja kuomba msamaha."

Mama akamtazama jogoo, kisha akamtazama mwanawe aliyesimama mbele yake kwa miguu yote miwili.

"Mchinjeni," akasema. "Yamekwisha."