Marehemu wa Klabu ya Huruma

Baba yangu ni fundi seremala, na ni mzima. Naanza na hilo kwa sababu hadi leo kuna watu wanaoniuliza alifariki mwaka gani. Ana miaka sabini na tisa, anapiga randa mbao zake kila asubuhi, na akikalia kiti kinachonesa anamtukana aliyekitengeneza, hata kama alikitengeneza mwenyewe. Haongei sana. Mama alikuwa akisema kumtoa Baba neno ni kama kung'oa msumari wenye kutu.

Aliyemuua ni msichana mmoja, mwanafunzi mwenzangu. Tulimwita Mwenyekiti, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake.

Alikuwa mwenyekiti wa Klabu ya Huruma shuleni kwetu. Kila mwaka klabu iliita wazazi na wafanyabiashara ukumbini waje kuwachangia wanafunzi wasiojiweza. Na utaratibu ulikuwa huu: mwanafunzi mmoja anapandishwa jukwaani, anasimama kimya, halafu mwenyekiti anasoma historia yake fupi. Historia ikiwaliza watu, mikoba inafunguka. Mwaka ule mwanafunzi nilikuwa mimi. Baba alikuwa ameumizwa mkono na msumeno, miezi miwili hajashika kazi, na mimi nilikuwa karibu kurudishwa nyumbani kwa ada. Historia yangu ndiyo hiyo tu, fupi kweli kweli, na ndiyo niliyomwandikia Mwenyekiti kwenye karatasi.

Akaipamba. Nadhani aliona mkono wenye bandeji hautoshi. Nimesimama pale jukwaani, sare imepigwa pasi hadi inang'aa, namsikia anasema kwa sauti ya kilio: "Baba yake, fundi hodari, alifia kazini." Lo! Ukumbi mzima uliguna. Mama mmoja wa safu ya mbele akaanza kutafuta leso. Na Baba mwenyewe alikuwa amekaa safu ya nyuma, karibu na mlango, na koti la kuazima, mkono umefungwa kitambaa shingoni. Alikuja kushukuru.

Mimi nilifanya nini? Nilitazama chini. Nilikuwa na miaka kumi na sita, watu mia tatu wananililia. Nilipoinua macho, Baba alikuwa ameshaondoka.

Ada ililipwa. Baba hakusema kitu, si siku ile wala baadaye, ila shule ile hakuikanyaga tena. Hakuja kwenye mahafali yangu. Hakuja nilipoajiriwa hapo hapo kuwa karani. Hata shule ilipotafuta fundi wa kutengeneza madawati, kazi ambayo ingemvusha mwaka mzima, alisema ana shughuli nyingi. Shughuli zipi? Wateja wenyewe walikuwa wamekwisha sikia kwamba fundi amefariki, wakapeleka mbao zao kwingine. Mmoja alikuja kumpa pole mjane, akafunguliwa mlango na marehemu. Mtaa mzima ulicheka. Mimi sikucheka. Nilimweka Mwenyekiti kiporo, miaka thelathini na mmoja.

Mwaka huu klabu imetimiza miaka arobaini. Mwalimu mlezi wa klabu akaniletea ratiba ya sherehe niichape. Naangalia mgeni rasmi ni nani, kumbe ni yeye! Sasa ana shirika lake la misaada, kazi yake kupigwa picha amebeba watoto wa watu. Na hotuba yake ina kichwa: "Yatima wa kwanza niliyemsomesha." Yatima! Damu ilinichemka. Nikajitia hamnazo, nikachapa kila kitu nilivyopewa, kisha chini ya hotuba yake nikaongeza mstari wangu: "Neno la shukrani: Marehemu." Nikatoa nakala mia nne. Mlezi alitia sahihi bila kusoma, maana pale ofisini hakuna anayesoma ninachochapa.

Jioni nikamfuata Baba karakana.

"Baba, yule Mwenyekiti anakuja shuleni Jumamosi. Njoo tumkomeshe."

Akazima redio.

"Unataka nije?"

"Nataka. Nataka watu wote wakuone."

"Haya," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Jumamosi Mwenyekiti alipanda jukwaani amependeza, mwongo yule, na sauti ya kilio bado anayo. Alipofika kwenye "alifia kazini" watu walikuwa wameshaanza kunong'onezana juu ya ratiba. Mwalimu kijana aliyekuwa mshereheshaji akasoma, akasita, akasoma tena: "Neno la shukrani... kutoka kwa marehemu?"

Nikamshika Baba mkono, nikampandisha ngazi. Akapokea kipaza sauti.

"Habari za asubuhi. Mimi ndiye yule fundi aliyefia kazini. Samahanini, nimechelewa."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Mwenyekiti uso ulimshuka, akaanza kukusanya karatasi zake, zikamponyoka, na hakuna aliyeinama kumwokotea. Haki ya Mungu, nilisikia raha mpaka kwenye vidole vya miguu! Nilitamani Baba aendelee, amvue nguo kabisa, wanafunzi waone, wazazi waone, mwalimu mkuu aone.

Mwenyekiti akamsogelea, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mzee wangu, nisamehe. Nilikuwa mtoto. Hata sikuwa nakujua."

"Ni kweli, mama," Baba akamjibu. "Hukuwa unanijua."

Akashusha kipaza sauti, akanigeukia mimi niliyekuwa nimesimama pembeni, bado nacheka.

"Lakini wewe, mwanangu," akasema, "wewe ulikuwa unanijua."