Damu ya Mtu Mzima

Wanafunzi wa baiokemia pale Samarkand walimwita mzee aliyewafundisha Domla, yaani mwalimu. Wakitaka damu ya mtu mzima ya kulinganisha na ya wagonjwa wa ini, alikunja mkono wa shati kabla hajaombwa, akanyoosha mkono wenye madoa ya dawa, ule mwingine umeshika bakuli la chai ya kijani. "Chukueni, wanangu, hii imelelewa kwa pilau," alisema kwa sauti yake ya kukwaruza. "Ila msininyonye kama kunguni!" Nao hawakuchoka kucheka.

Mwaka huu mpimaji alikuwa mwanafunzi wake Oydin, aliyekuwa akifanya utafiti wake. Alipima, akashtuka, akabadilisha dawa ya kupimia, akapima upya. Damu ya mwalimu ilifanana kabisa na ya wagonjwa, hata ile ambayo Oydin aliihifadhi tangu theluji ya mwanzo, na ambayo hesabu zake zote ziliitegemea.

"Domla," alisema, akimsogezea majibu, "mzima wetu ni mgonjwa."

Mzee aliyatazama majibu mpaka chai ikapoa. Oydin alingoja amwulize habari za daktari, au za kupona.

"Kumbe kazi yako ya mwaka mzima nimeiharibu mimi," akasema. "Nisamehe, binti yangu."