Ukisubiri Pikapu, Subiri Ukijifunza

Nakumbuka asubuhi ile, mwanangu, kama vile vumbi lake bado limenikaa kwenye nyusi. Kilikuwa kiangazi, upepo wa Tunduma ukivuma vilevile unavyovuma mpaka leo, na mume wangu Yohana alirudi nyumbani Chapwa mbio. Yohana hakuwa mtu wa mbio. Alikuwa mrefu, mpole, mwendo wake wa kufikiri. Nilipomwona anakata kona anahema, nilijua ni msiba. Nikajishika kichwa.

"Mama Neema," akasema, "kuna pikapu inauzwa!"

Nikakaa chini, nikacheka hadi machozi.

Wewe uliyezaliwa juzi huwezi kujua pikapu ilikuwa nini kwetu. Siku hizi kila uchochoro wa Tunduma una magari mpaka mbuzi wanakosa pa kupita. Wakati ule sisi tulikuwa wachuuzi wa chumvi. Tuliteremka bondeni Ivuna, kule karibu na Ziwa Rukwa, tukanunua chumvi kwa akina mama wanaoichemsha kutoka kwenye udongo wa magadi, halafu tunakaa kando ya njia kungoja lori la mtu lenye nafasi. Na mzigo wa mnyonge hupakiwa mwisho, mwanangu. Lori likijaa unaachwa hapo na magunia yako, unayatazama nayo yanakutazama.

Kwa hiyo Yohana aliposema pikapu, nilimwelewa. Mwenyewe alikuwa Mzambia mmoja wa Nakonde, hapo ng'ambo tu ya mpaka, anahamia Kasama. Tulikwenda kuiona siku hiyohiyo. Ya buluu, inang'aa, bodi yake imenyooka. Yohana aliizunguka kama bwana harusi. Akiba tuliyojinyima miaka yote ilitosha. Yule Mzambia akasema ana mteja mwingine, tusichelewe.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," Yohana akaniambia njiani. "Tumlipe leo."

Ila kwetu jambo kubwa halikuamuliwa bila Shangazi Nakazwe. Huyu alikuwa dada wa baba yangu, ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Mwanamke mfupi, sauti nzito, mchapakazi, na hakujua kumung'unya maneno. Tulimkuta anapepeta karanga uani. Tukamwamkia, tukamweleza. Alisikiliza bila kuacha kupepeta.

"Ni jambo jema," akasema. "Nani ataiendesha?"

"Tutaajiri dereva, Shangazi," Yohana akajibu.

"Ikilala njiani, nani ataifungua kujua inaumwa wapi?"

"Dereva."

"Akikwambia kifaa fulani kimekufa, lete hela ya kingine, utajuaje kama ni kweli?"

Shangazi akaweka ungo chini.

"Basi hamnunui pikapu yenu, wanangu. Mnamnunulia dereva pikapu yake, halafu ninyi mtakuwa mnaomba lifti."

Maneno yale yalimchoma Yohana. Alikuwa mkwe, hakuweza kujibu ovyo. Mimi nilibaki katikati, mume huku, aliyenilea huku. Usiku tulizungumza sana, na mwisho wake hatukununua. Mzambia wa watu akamuuzia yule mwingine. Sikudanganyi kwamba gari lile lilikuja kuanguka au kuungua ili nikuonyeshe Shangazi alikuwa mwonaji. Tulionana nalo barabarani mara nyingi, linafanya kazi zake vizuri. Shangazi hakusema gari ni baya. Alisema sisi hatujawa tayari, na hilo lilikuwa kweli.

Hapo ndipo palipo na tofauti, mwanangu, nisikilize vizuri. Kuna kusubiri kwa kukaa na kuna kusubiri kwa kufanya. Yohana alichagua kununa. Mimi nikaenda kwa Mzee Silwimba.

Mzee Silwimba alikuwa dereva wa pikapu ya mwenye mashine ya kusaga pale Chapwa. Alikuwa amefika umri wa kupumzika lakini hakujua kupumzika. Utingo wake alikuwa amemkimbia kwenda kuchimba dhahabu kule Mkwajuni. Nikamwambia, "Shikamoo, Mzee. Nataka nikusaidie kazi ya utingo, na wewe unifundishe gari."

Alinitazama kuanzia khanga mpaka viatu. "Utingo? Wewe mke wa Yohana?"

"Mimi."

"Utingo analala chini ya gari, anashika mafuta machafu, anasukuma."

"Nimezaa, Mzee. Kusukuma najua."

Alicheka akakohoa, akacheka tena. "Kesho alfajiri," akasema.

Nilimwachia Shangazi mtoto wetu Neema, nikavaa suruali ya zamani ya Yohana chini ya khanga, nikaanza kazi. Watu walisema! Stendi yote ilisema. Kuna waliomuuliza Yohana kama nyumbani siku hizi anapika yeye. Hata kanisani mama mmoja alinivuta pembeni akaniambia ndoa yangu nitaitafuta. Yohana alikuwa anarudi jioni ananikuta na mikono myeusi, anakula kimya. Lakini hakunikataza, na kwa mwanamume wa rika lake hilo lilikuwa si jambo dogo. Siku moja aliniwekea maji ya moto na sabuni ya kipande karibu na mlango. Nikajua nimemrudisha.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama kwelikweli. Nilijifunza kubadili tairi, kusafisha plagi, kusikia injini inapoanza kuchoka kabla haijalalamika. Nilijifunza kwamba kwenye mteremko wa kwenda bondeni hushuki kwa breki, unashuka kwa gia. Mzee Silwimba alikuwa mkali; nikikosea alinishusha nitembee hadi kwenye kona inayofuata nikitafakari. Mwishowe nikaenda Mbeya kwenye mtihani wa leseni. Askari aliyetusimamia alidhani nimemsindikiza mtu. Niliporudi na leseni yangu, Shangazi aliishika, akaigeuza huku na huku, ingawa kusoma hakujua, akasema, "Picha umekunja uso kama baba yako."

Sasa sikia jinsi dunia inavyogeuka. Mwenye mashine akapata lori, akatangaza kuiuza ile pikapu. Ileile niliyoilalia chini! Nilijua kila homa yake. Na hapo ndipo mimi nikaogopa. Nikaanza kusema gari ni kuukuu, nikasema tuone kwanza mvua za mwaka huu, nikasema labda tuongeze akiba kidogo. Yohana naye, aliyewahi kuja mbio, sasa akaitikia kila ninalosema. Tukakubaliana vizuri sana kutofanya chochote.

Shangazi akasikia. Alikuja kwa miguu kutoka kwake, jua kali, na hakutaka hata maji.

"Nimeambiwa mnasubiri."

"Ndiyo, Shangazi. Si wewe uliyetufundisha kwamba subira yavuta heri?"

Mwanangu, sijawahi kukemewa vile, si kabla wala baada.

"Nilikwambia usubiri ujue," akasema. "Sikukwambia usubiri uzeeke! Kuendesha unajua. Ugonjwa wa gari unaujua. Mzigo upo, unalala kila mwaka kando ya njia. Sasa unasubiri nini, watu wakupigie makofi kwanza? Subira isiyo na kazi ndani yake ni woga uliovaa nguo ya kanisani."

Yohana akainuka. Akaingia ndani, akatoka na koti lake. "Twende tukaongee na mwenye mashine," akaniambia.

Tuliinunua. Haikung'aa kama ile ya Mzambia. Rangi yake ilikuwa ya kijani iliyochoka, na mlango mmoja ulikuwa na tabia zake. Lakini nilipoiingiza uani kwetu mara ya kwanza, majirani wakatoka nje, na Shangazi akaizunguka akipiga vigelegele peke yake mpaka wengine wakaona aibu wakamwitikia.

Mvua za mwaka ule zilikuja mapema, watu hawajajipanga. Abiria mmoja aliyetoka bondeni akatuletea salamu za Mama Elita, mmoja wa wale akina mama wa Ivuna waliotuuzia chumvi. Chumvi ya msimu mzima ilikuwa imerundikwa kwenye vibanda vya nyasi, maji yanapanda, na wenye malori wamekataa kushuka kwa sababu ya tope. Unajua chumvi ikikutana na maji. Haikuachii hata mabaki ya kulilia. Ile ndiyo ilikuwa ada za watoto wao, ndiyo mahindi yao ya kununua hadi mavuno.

Tulitazamana na Yohana. Akachukua koleo na panga la kukatia matawi, akapanda nyuma.

Nilishuka mteremko ule kwa gia, kama nilivyofundishwa. Tulifika salama chini, na huko chini, kwenye korongo, udongo mweusi ukatushika. Tairi za nyuma zikazama. Yohana akachimba, akatandika matawi, nikajaribu, ikatoka kidogo ikarudi. Tulikuwa tumeshapakwa tope mpaka masikioni alipotokea mzee mmoja wa Kisukuma, mfugaji wa huko, na maksai wake. Akafunga mnyororo bila hata kuombwa. Kisha akamgeukia Yohana.

"Haya, dereva, panda uwashe."

Nilishikilia usukani nikangoja. Ingekuwa rahisi kwa mume wangu kucheka tu na kuyaacha yapite.

"Dereva ni yule mke wangu," Yohana akasema, na alisema kwa sauti kubwa, kama mtu anayetambulisha mgeni rasmi. "Mimi ni utingo wake."

Yule mzee akaja hadi dirishani, akanichungulia, akavua kofia. "Mayu," akasema, yaani mama kwa lugha yao, "basi washa, ng'ombe wangu wakuone."

Nimesifiwa mengi tangu siku ile. Nimeitwa mbele ya watu, nimepewa vitenge. Hakuna lililonijaza kifua kama maneno ya Yohana katika tope lile.

Tulitoka. Tulipofika Ivuna akina mama walikuwa wamesimama mvuani wamefunika magunia kwa khanga zao wenyewe, na Mama Elita alipoona ni mimi ninayeshuka upande wa usukani, alipiga kelele ambayo nadhani waliisikia ng'ambo ya ziwa. Tulipakia, tukapanda mlima, tukashusha mzigo pakavu, tukarudi tena, na tena, mpaka barabara yenyewe ilipojifunga. Vibanda vilisombwa na maji. Chumvi ilikuwa imeshaondoka, iko juu pakavu.

Kuanzia hapo wale mama hawakumuuzia mtu chumvi kabla ya kutuuliza sisi. Pikapu ile ilizeeka mikononi mwetu, ikatujengea, ikasomesha. Najivuna nayo, na sioni sababu ya kuficha.

Sasa, mwanangu, umeniuliza kama ununue pikapu sasa au usubiri, na naona umekasirika kidogo kwamba sijakujibu ndiyo au hapana. Akili ya kuambiwa changanya na yako. Jiulize mzigo wako uko wapi leo hii, si ule utakaokuja ukishakuwa na gari. Jiulize kama mwenzako wa nyumbani yuko nawe kwa moyo au amekunyamazia tu, maana gari lina njaa, litakula pamoja nanyi mezani kila siku. Na lijue gari kabla hujaipenda rangi yake. Kama hayo bado, subiri bila aibu, lakini usisubiri umekaa: panda na wanaojua, chafua mikono, uliza; kuuliza si ujinga. Na yakishatimia, usitafute sababu nyingine ya kuchelewa. Nenda ukanunue, hata kama ni kuukuu, hata kama watu wanacheka. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.

Mungu akupe mzigo wa halali na njia ya kurudia. Breki zako zishike, mikono yako isitetemeke kwenye mteremko, na unayempakia mzigo wake asijute kukuamini. Na kila jioni watoto wako wasikie mlio wa gari lako ungali mbali, wakimbie getini wakisema, "Amefika." Amina, mwanangu.