Pampu Isiyovuja

Mwanamume huyu alikuwa na kipaji kimoja, cha kukinga. Hotelini alikofanya kazi, pampu ya bwawa la kuogelea ilivuja miaka sita, naye miaka sita akaiwekea ndoo chini. Ikijaa anaimwaga, anairudisha. Wenzake wakamwita Matone. Akaitika, maana kubisha nako ni kazi.

Nyumbani mambo yalikuwa yale yale. Bati lilitoboka, akaweka sufuria kitandani. Likatoboka tena, akaongeza sufuria. Mkewe akiuliza, jibu lilikuwa moja: "Mke wangu, ufundi una wenyewe. Mimi sijui." Sufuria zilipofika nane, na mke analala amejikunja kama jongoo aliyeguswa, akafunga mzigo akarudi kwa mama yake.

Mama mkwe hakuwa mtu wa kuacha nguvu za bure zipotee. Alikuwa na bustani ya mboga kilimani na kisima bondeni. Mkwewe alipokuja kumfuata mke, akamwekea sharti: kila jioni apandishe ndoo thelathini, kisha apate ruhusa ya kukaa barazani na mkewe mpaka chai iishe. Vikombe vya nyumba ile vilikuwa vidogo.

"Kunywa polepole, baba," mama mkwe alikuwa akimwambia kupitia dirishani. "Huku ndani hakuna nyingine."

Ikapita miezi saba hivyo. Ndipo hoteli ikanunua pampu mpya, na meneja akamsogezea ile kongwe kwa mguu. "Ichukue wewe. Mmezoeana."

Matone akapata wazo, na kwa mtu asiyeyazoea, wazo humshika kama homa. Angeitengeneza pampu, maji yapande bustanini yenyewe, mke aone kuwa mumewe si wa kukinga tu, arudi nyumbani.

Akaifungua. Kwenye chujio alikuta nywele za wageni wa miaka sita, zingetosha kutengeneza wigi la mtu na dada yake. Mpira unaozunguka shafti kuzuia maji yasitoroke ulikuwa umelika upande mmoja. Akanunua mwingine, akasugua kutu, akabadilisha beringi, akakaza nati kwa zamu, hii kidogo na ile kidogo, ili kifuniko kisikae upande. Na kwa kuwa pampu ile ilijua kusukuma kuliko kuvuta, akaiwekea kibao cha kukalia ndani ya kisima, juu kidogo ya maji. Siku mbili, kazi imekwisha.

Mama mkwe mwenyewe akawasha swichi. Maji yakapanda kilima, yakamwagika kwenye matuta ya mboga. Mkewe hakwenda kuyatazama. Alishuka kisimani, akainama, akapitisha kiganja chini ya pampu. Kikatoka kikavu.

Matone akatabasamu. Alishaanza kuwaza kitanda.

"Nani amekufundisha?" mkewe akauliza.

"Hakuna. Nimeifungua tu, nikaona."

"Siku ngapi?"

"Mbili. Na nusu ya siku ya kwanza nilikuwa natafuta spana."

Mke akafuta kwenye kanga kiganja kisicho na maji. "Sufuria nane," akasema. "Watu wakikucheka, mimi nawaambia mwacheni mume wangu, hajui. Asiyejua nilikuwa namhurumia. Hata kurudi nilishafikiria. Kumbe unajua."

"Basi lile bati nitaliziba kesho."

"Lizibe. Utalala pakavu."

Akapanda kilima bila kugeuka.

Matone akamfuata mpaka barazani. Pale mezani hapakuwa na kikombe. Alikuwepo mama mkwe, amejaa furaha ya mboga zilizolowa.

"Baba, mikono yako ina baraka. Kuanzia leo usijichoshe kuja."

"Na chai, mama?"

"Ile ilikuwa chai ya kupandisha maji. Sasa nimnyweshe nani, pampu?" Akaingia ndani, akatoka na ile ndoo aliyokuwa akipandishia maji, akamkabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima zote. "Usisahau chombo chako."

Pampu inafanya kazi hadi leo, haijadondosha hata tone. Wanaopita husifu ufundi wake, na mama mkwe huwaambia ilitengenezwa na mtu mmoja wa hotelini.

Mvua ya kwanza ilipofika, bati lilikuwa bado na matundu yake. Matone akaipandisha ndoo kitandani, akaiweka upande aliokuwa akilala mkewe. Ilienea vizuri, na nafasi ikabaki.