Mlango wa Mbele wa Nyumba ya Bawabu

Aliyeichora nyumba ile aliwajali wapita njia kuliko wakaaji. Ilikuwa nyumba ya bawabu, langoni pa shamba la matajiri wa zamani, kaskazini mwa Toronto, na miaka ile ya tisini bawabu nilikuwa mimi: nafungua geti, nazoa theluji, naishi humo bila kodi. Ukiwa barabarani unaona kasri: mawe ya kuchonga, paa lililochongoka, dohani tatu za moshi, mlango mpana wa mwaloni wenye kitasa cha shaba. Ndani, vyumba viwili na jiko. Dohani mbili hazikuwahi kutoa moshi, na mlango wa mwaloni ulikuwa umepigiliwa ukutani, nyuma yake mawe matupu. Uliwekwa kupendezesha. Sisi tulipitia jikoni, kwa nyuma, kando ya mapipa ya taka.

Hilo halikunisumbua hadi mke wangu alipombembeleza baba yake aje kututembelea. Tulioana bila ridhaa yake, na tangu ahamie kwa mwanawe wa kiume mtaa wa Crescent Town, mjini Toronto, miaka miwili nyuma, hakuwahi kuitikia shikamoo yangu. Iliniuma sana.

Alikuja Jumapili moja ya Machi, kwa koti refu na bakora, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa mwaloni na kupiga hodi. Nilizunguka mbio, kandambili kwenye theluji, nikamweleza kwamba mlango ule ni pambo tu. Akaugonga tena, safari hii kwa bakora, kana kwamba anaupa nafasi ya kujirekebisha.

"Mkwe hapitishwi jikoni," akasema, akabaki palepale.

Ningempitisha dirishani kama angeenea. Nilimlaani mchoraji kimoyomoyo, kisha nikaleta viti viwili, mkeka na birika, nikavipanga mbele ya mlango usiofunguka. Nikainama, nikatoa shikamoo. Hakuitika, ila alikaa. Tukanywa chai kwa vitumbua, kamasi zikitutoka, madereva wakipunguza mwendo kutushangaa. Alinihoji kuhusu kazi, afya, sala na ukoo wetu mzima, nami nikajibu meno yakigongana.

Alipomaliza kikombe cha pili alinyanyuka, akakung'uta koti, akaelekea nyuma ya nyumba. Nikamkumbusha kwa adabu kwamba huko ni jikoni.

"Marahaba," akasema bila kugeuka. "Mgeni umeshampokea. Sasa napita wanapopita wa nyumbani."